Kabla Hujafunga Safari ya Gabon Kula Iboga

Andika neno "iboga" kwenye intaneti uone matangazo yatakayojitokeza. Picha ya mzee aliyepakwa chokaa nyeupe usoni, moto nyuma yake, na maneno ya kuvutia: siku saba au kumi msituni, chumba kizuri, chakula, mganga wa asili, na "dawa ya kale ya Bwiti" itakayokutoa kwenye huzuni, ulevi, msiba wa zamani au maisha yasiyokwenda. Bei ni maelfu ya dola. Wateja wengi ni wazungu, lakini siku hizi hata vijana wenzetu wa mijini, wenye ajira nzuri na usingizi mbaya, wanaulizana kama kweli inafanya kazi.

Mimi si mganga wala daktari. Lakini kuna jambo moja kwenye hayo matangazo linalonikera, nalo ni la kihistoria. Karibu yote yanasema Bwiti ni mila ya maelfu ya miaka, haijaguswa, haijabadilika, imekaa tu msituni ikimsubiri mgeni. Hebu tuiangalie historia yenyewe. Mzizi ni wa zamani, sawa. Lakini Bwiti inayojulikana zaidi duniani ilijengwa upya katika miaka mia na hamsini iliyopita, na waliojenga ni watu waliokuwa wamepigwa na ukoloni, magonjwa na kazi za shuruti. Walikuwa wanatibu jamii nzima.

Tuanze na mmea. Iboga ni kichaka kinachoota chini ya miti mikubwa ya misitu ya Afrika ya Kati. Wanasayansi wanakiita Tabernanthe iboga. Kinachotumika ni ganda la mzizi wake, ambalo ni chungu kupita kiasi. Ukitafuna kidogo, usingizi na njaa vinakaa mbali. Ndiyo maana wawindaji walilitumia usiku porini. Ukila kwa wingi, unatapika, miguu inakataa, halafu unaona maono kwa saa nyingi. Watu wa Gabon wenyewe husema maarifa haya yalitoka kwa jamii za wawindaji wa msituni kama Wababongo. Kutoka kwao yakafika kwa Wamitsogho na Wapindji wa eneo la mto Ngounié, na hao ndio walioyaweka ndani ya Bwiti, chama cha siri cha wanaume, chenye nyumba yake ya ibada, nyimbo zake na mizimu yake. Anayeongoza anaitwa nganga. Ndiyo, ni neno lile lile letu mganga. Sisi na wao ni Wabantu, na neno hili limesafiri na babu zetu kutoka bahari moja hadi nyingine.

Sasa twende karne ya 19. Mwaka 1864 na 1865 mpelelezi Paul du Chaillu alipita katika nchi hizo, na wakati wa safari yake ndui ikazuka na kuua watu vijiji kwa vijiji. Huo ulikuwa mwanzo tu. Mwaka 1899 serikali ya Ufaransa iliigawa Kongo yake, Gabon ikiwemo, kwa makampuni 40 binafsi. Kampuni ilipewa ardhi, mpira, pembe na kila kilichomo, na wenyeji wakageuka vibarua kwenye nchi yao. Halafu ikaja biashara ya mti wa okume, mbao laini ambayo viwanda vya Ulaya viliipenda kwa kutengenezea plaiwudi. Wanaume walichukuliwa kutoka kila kona kwenda kwenye kambi za magogo kandokando ya mto Ogooué na mito yake. Vijiji vikabaki na wanawake, watoto na wazee.

Kaskazini waliishi Wafang. Hawa hawakuwa watu wa Bwiti. Walikuwa na ibada yao iliyoitwa Byeri: mafuvu ya wazee wa ukoo yalitunzwa ndani ya sanduku la gome, juu yake sanamu ya mbao ikilinda. Kijana akifundwa, alionyeshwa mafuvu hayo na kutajiwa majina ya waliomtangulia. Hapo ndipo mtu alijua yeye ni nani na anawajibika kwa nani.

Kisha wakoloni wakaja kwa zamu. Mwaka 1911 Ufaransa iliikabidhi Ujerumani eneo la Woleu-Ntem, nchi ya Wafang, katika mapatano yaliyotokana na ugomvi wao wa Morocco. Miaka mitatu baadaye vita vya kwanza vya dunia vilipoanza, Wafaransa na Wajerumani walipigana humo humo. Sisi wa Afrika Mashariki tunaijua hadithi hiyo, maana mababu zetu nao walibebeshwa mizigo ya vita vile vile. Huku nyuma wamisionari waliwaambia Wafang kwamba Byeri ni ushetani. Mafuvu yakazikwa au kutupwa, na sanamu nyingi zikaishia Ulaya, ambako wachoraji wa Paris walizitazama na kuzisifu kama sanaa mpya.

Piga picha hali yenyewe. Kijana wa Kifang yuko kambini, mbali na kwao. Baba amekufa, mafuvu ya babu hayapo, padri anamwambia ukoo wake wote uko motoni, na bosi anataka magogo. Kwenye kambi hiyo hiyo kuna Mmitsogho ambaye jioni anapiga kinubi na kula mzizi, na anasema amewaona wafu wake. Wewe ungefanya nini?

Wafang wengi walikwenda kuona. Ndivyo Bwiti ilivyovuka kutoka kusini kwenda kaskazini, mwishoni mwa karne ya 19 na miongo ya mwanzo ya karne ya 20. Nao hawakuinakili tu. Waliichanganya na kumbukumbu za Byeri, wakaingiza Adamu na Hawa, Yesu na Bikira Maria, na wakafungua mlango kwa wanawake, jambo ambalo Bwiti ya zamani ya Wamitsogho haikulifanya. Wamisionari walisema huu ni Ukristo ulioharibika. Wazee wa mila nao walikuwa na lawama zao. Kwa waumini ilikuwa njia ya kuwa na babu zao na Mungu kwa pamoja, bila kulazimishwa kuchagua.

Mtaalamu wa Kimarekani James Fernandez aliishi na Wafang kati ya 1958 na 1960, na mwaka 1982 akatoa kitabu kikubwa kuhusu Bwiti yao. Alichokieleza ni ibada inayoanza jioni na kumalizika alfajiri. Watu wanacheza na kuimba usiku kucha, nyimbo zikianza na uumbaji na kuishia na kifo na safari ya roho. Kinubi cha nyuzi nane, ngombi, kinachukuliwa kuwa sauti ya mama mtakatifu. Usiku wa kawaida waumini hula iboga kidogo tu, ya kuwaweka macho. Lengo wanaliita nlem mvore, yaani moyo mmoja. Asubuhi wanatoka wakiwa moyo mmoja, wanakula pamoja, wanarudi kwenye maisha yao. Na wiki zikipita wanakutana tena.

Kiasi kikubwa cha iboga huliwa wakati wa kuingizwa, na kwa kawaida mtu huingizwa mara moja. Mwingiaji huitwa banzi. Kabla ya yote anakiri makosa yake na kuogeshwa mtoni. Kisha analishwa, anakaa akilindwa na wazazi wake wa ibada, muziki haukatiki, na wanamuuliza anaona nini. Anatarajiwa kufika kwa wafu wake na kurudi na ujumbe. Akitoka hapo ana ndugu wapya, majukumu mapya, na watu watakaogonga mlango wake akikosekana kwenye ibada.

Mnaona sasa? Mzizi unafungua mlango, lakini kinachomshikilia mtu baada ya hapo ni jamii.

Wakoloni walilielewa hilo vizuri, ndiyo maana waliogopa. Mahali watu wanapokutana usiku na kuwa moyo mmoja, siasa haiko mbali. Makanisa ya Bwiti yalichomwa, viongozi wakatuhumiwa uchawi na mauaji ya kafara. Mtuhumiwa maarufu kuliko wote alikuwa chifu kijana wa Kifang mjini Libreville, Léon M'ba, aliyekuwa karibu na Bwiti. Mwaka 1933 Wafaransa walimpeleka uhamishoni Oubangui-Chari, nchi inayoitwa leo Jamhuri ya Afrika ya Kati, akakaa huko hadi 1946. Aliporudi, watu wa Bwiti walikuwa miongoni mwa waliomuunga mkono. Gabon ilipata uhuru tarehe 17 Agosti 1960, na mwaka 1961 huyo huyo M'ba akawa rais wa kwanza wa nchi. Msinielewe vibaya, utawala wake haukuwa wa malaika, na mwaka 1964 alipopinduliwa alirudishwa madarakani na askari wa Ufaransa. Lakini dini iliyokuwa ikichomwa moto iliingia ikulu.

Wakati hayo yakiendelea, mzizi wenyewe ulikuwa na safari yake nyingine, bila nyimbo na bila wazee. Ulifika Ufaransa miaka ya 1860. Mwaka 1901 wanakemia wa Kifaransa walitenga dutu yake kuu, ibogaini. Kuanzia mwaka 1939 maduka ya dawa ya Ufaransa yaliuza vidonge vya kuondoa uchovu vilivyoitwa Lambarène, jina la mji wa Gabon, vikiwa na ibogaini kidogo. Mwaka 1962 kijana wa New York aitwaye Howard Lotsof, aliyekuwa mtumiaji wa heroini, alijaribu ibogaini kwa udadisi. Ilipokwisha, akagundua hana hamu ya heroini wala maumivu ya kuiacha. Marekani ikaipiga marufuku ibogaini katika muongo huo huo, lakini Lotsof hakukata tamaa, na mwaka 1985 alipata hataza ya Marekani ya kuitumia kutibu uraibu. Hataza! Sina ugomvi naye, alitaka kuokoa watu. Lakini kwenye karatasi ile Mmitsogho hayupo, Mpindji hayupo, Mbabongo hayupo.

Gabon iliamka taratibu. Mwaka 2000 ilitangaza iboga kuwa urithi wa taifa. Mwaka 2019, baada ya mahitaji ya nje kupanda na mmea kuibwa misituni, ilizuia usafirishaji wake. Gabon pia ni mwanachama wa Itifaki ya Nagoya ya 2010, inayosema jamii zenye maarifa ya mimea lazima zipate mgao. Hata hivyo ibogaini inaweza kutengenezwa kutoka kwenye mmea mwingine, voacanga, unaoota nchi kadhaa za Afrika, na fedha zinakwenda mbio kuliko sheria. Juni 2025 jimbo la Texas lilipitisha sheria ya kutoa dola milioni 50 kwa utafiti wa ibogaini. Mwaka mmoja kabla, watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford walikuwa wameripoti nafuu kubwa kwa askari wa zamani 30 waliotibiwa Mexico. Ni habari njema, ila utafiti ule haukuwa na kundi la kulinganisha.

Na tusidanganyane kuhusu hatari. Ibogaini inavuruga mapigo ya moyo. Watafiti waliochunguza vifo vilivyofuata matumizi yake kati ya 1990 na 2008 walihesabu 19, wengi wao wakiwa watu wenye matatizo ya moyo au waliochanganya na dawa nyingine. Kama una moyo dhaifu au unatumia heroini au methadoni, usiku huo unaweza kuwa wa mwisho. Nganga wa kweli anaanza na kiasi kidogo, anakutazama, na ana haki ya kukukatalia. Mfanyabiashara aliyekwishapokea fedha zako ana sababu chache za kukukatalia.

Sasa basi, msomaji wangu unayewaza safari. Siwezi kukukataza. Watu wengi wamerudi wakisema wamepona, na sina sababu ya kuwaita waongo. Ila kabla hujalipa, uliza: moyo wangu utapimwa na nani? Mzizi huu umepandwa na nani, na kijiji kinapata nini? Aliyenialika anatambuliwa na wazee wa Bwiti gani? Na kubwa kuliko yote: nikirudi mjini nitakuwa moyo mmoja na nani? Wale vibarua wa kambi za magogo walikuwa na jibu la swali hilo, kwa sababu asubuhi ilipofika waliamka na watu wale wale waliokesha nao. Wewe utapanda ndege peke yako.

Wenzangu mnaoishi Libreville au mliowahi kufika Gabon, nasubiri kusikia kutoka kwenu.