Ngazi Iliyofichwa Ndani ya Jiwe

Wasomaji wetu wengi wamekwisha kuliona jiwe la kwatzi, ijapokuwa hawalijui kwa jina. Ndilo jiwe jeupe lenye kung'aa kama kioo. Likisagika huwa mchanga wa mito yetu. Pengine huonekana likiwa zima, limeota lenyewe ardhini, lina mbavu sita na ncha kali, na nyuso zake ni laini kana kwamba fundi amezichonga. Jiwe lililoota hivyo wataalamu huliita kristali.

Padri mmoja wa Ufaransa, René Just Haüy, mwana wa mfuma nguo, alitumia maisha yake kuyachunguza mawe hayo. Mwaka wa 1792, wakati wa mapinduzi, alifungwa kwa kuwa alikataa kiapo ambacho serikali iliwadai mapadri. Kijana Geoffroy Saint-Hilaire akamhangaikia hata akafunguliwa, kabla wafungwa wengi wenzake hawajauawa mwezi wa Septemba. Padri huyo aliona kwamba kristali fulani za kwatzi zina nyuso ndogo za mshazari karibu na ncha. Katika nyingine nyuso hizo zaelekea kuume, katika nyingine kushoto. Akaziandika, lakini maana yake ilikuwa bado gizani.

Hapa yafaa tusimame kidogo. Weka mkono wa kuume mbele ya kioo: ndani utaona mkono wa kushoto. Kiatu cha kuume, ukigeuze namna yoyote, hakiwi cha kushoto. Kamba nayo ni vivyo hivyo: ishike kwa ncha hii au ile, igeuze juu chini, msokoto wake ni ule ule, ni ndani ya kioo tu utauona umegeuka. Lakini tusiseme kwamba vitu hivyo havina ulinganifu. Kristali ya kwatzi ukiizungusha theluthi moja ya duara, mpango wake wa ndani waonekana kama ulivyokuwa. Ulinganifu wa kuzunguka inao. Ulinganifu wa kioo haina.

Nuru ya kawaida hutikisika pande zote, na iko njia ya kuichuja ili itikisike upande mmoja tu. Mwaka wa 1811, huko Paris, François Arago aliona kwamba nuru iliyochujwa, ikipita katika kwatzi, hubadilika. Mwenzake Jean-Baptiste Biot akatambua kwamba upande wa kutikisika kwake huzungushwa: kristali nyingine huuzungusha kuume, nyingine kushoto. Mwaka wa 1820 Mwingereza John Herschel akaunganisha mambo haya mawili. Zile nyuso ndogo alizoziandika Padri Haüy ndizo zinazoonyesha nuru itazungushwa wapi!

Basi ndani ya jiwe mna nini? Kwatzi ikiyeyushwa kwa moto mkali, ikapoa, huwa kioo kitupu, na nuru hupita bila kuzungushwa. Sukari sivyo: hata ikiyeyuka katika maji, yaendelea kuizungusha. Aliyefumbua fumbo hilo ni Louis Pasteur. Mwaka wa 1848, akiwa na miaka 25, alitenga kwa mkono, chembe kwa chembe, kristali za chumvi itokanayo na asidi ya divai: za kuume huku, za kushoto kule. Kila fungu alipoliyeyusha katika maji likazungusha nuru kwa upande wake. Mzee Biot, mwenye miaka 74, hakusadiki mpaka kazi hiyo ilipofanywa tena mbele yake.

Mwaka wa 1860 Pasteur alitoa mfano ambao sisi twauona bora kuliko maelezo mengi ya vitabu vya shule. Fikiri ngazi ya kuzunguka, kama zile za minara ya makanisa. Ikiwa vidato vyake ni matofali ya kawaida, ukiibomoa, mzunguko umekwisha. Una rundo la matofali tu. Ndiyo kwatzi. Lakini ikiwa kila kidato chenyewe kina umbo la kuume, ibomoe upendavyo, ukuume umebaki katika kila kipande. Ndiyo sukari.

Ngazi yenyewe Pasteur hakuiona. Ilingoja mionzi ya X, ile ile ipigayo picha za mifupa hospitalini. Mwaka wa 1925, huko Uingereza, William Bragg na R. E. Gibbs wakaonyesha jinsi chembe za silikoni na oksijeni zilivyopangwa katika kwatzi: zapanda zikizunguka, vidato vitatu kwa duara moja.

Hata hivyo picha za kawaida za mionzi hiyo hazikuweza kusema ngazi ipi ni ya kuume na ipi ya kushoto, kwa maana zote mbili zatoa picha moja. Mwaka wa 1951 Johannes Bijvoet na wenzake wa Utrecht, Uholanzi, wakapata njia ya kuzipambanua, wakianza na chumvi ya ile ile asidi ya divai. Mwaka wa 1958 kwatzi nayo ikapata zamu yake, na ikajulikana ni ngazi ipi iliyomo katika jiwe lenye kuzungusha nuru kuume.