Rumonge–Dar es Salaam (safari ya anga)

Rumonge, mji wa mawese na ndagala kwenye mwambao wa Ziwa Tanganyika, hauna safari za ndege za abiria. Msafiri hupanda gari kwanza: kilomita 70 na ushei kuelekea kaskazini kwa barabara ya RN3, kisha avuke Bujumbura hadi uwanja wa Melchior Ndadaye (BJM), wenye jina hilo tangu 2019. Kutoka hapo hadi Dar es Salaam (DAR) ni takriban kilomita 1,160 kwa mstari ulionyooka. Jeti isiyotua njiani huzimaliza kwa chini ya saa mbili. Ukihesabu saa zilizoandikwa kwenye tiketi utapata karibu tatu, kwani Tanzania iko mbele ya Burundi kwa saa moja. Wakati wa kurudi, saa hiyo hurudishwa. Ziwa likifurika hadi barabarani, kipande cha RN3 chaweza kuchukua muda mrefu kuliko anga yote.