Tathmini ya Mazingira Itangulie Mchoro

Desemba 1996, ujenzi wa mradi wa umeme wa Kihansi nchini Tanzania ukiwa umeshaanza, watafiti walikuta korongoni, chini ya maporomoko, chura wa manjano asiyejulikana kwa sayansi. Urefu wake haufiki sentimita 3, na hatagi mayai bali huzaa watoto hai. Makazi yake yote duniani yalikuwa vipande vya ardhi oevu visivyozidi hekta chache, vilivyoloweshwa usiku na mchana na rasharasha za maporomoko. Tathmini iliyotangulia ujenzi haikuwa imemwona.

Mitambo ilipowashwa, takribani asilimia 90 ya maji yalielekezwa handakini na rasharasha zikakatika. Yaliyofuata yalikuwa uokozi wa dharura. Mwaka 2000 vyura wapatao 500 walipelekwa Marekani, na korongoni yakafungwa mabomba ya kunyunyizia maji. Mwaka 2003 idadi ya waliobaki iliporomoka, na 2009 ikatangazwa kuwa wametoweka porini. Ilipofika 2012 ndipo waliozaliwa katika bustani za wanyama za Bronx na Toledo walipoanza kurudishwa kwao.

Wapo wanaosema nchi ilihitaji umeme kuliko chura. Megawati 180 zilihitajika kweli, wala hakuna aliyepaswa kuchagua kati ya hayo mawili. Swali lilikuwa maji kiasi gani yaachwe yapite korongoni. Mradi ukiwa bado karatasini, swali hilo lina majibu mengi. Handaki likishachimbwa na mikopo ikishasainiwa, kila lita inayoachwa huhesabiwa hasara.

Wala si suala la viumbe adimu pekee. Dar es Salaam, karakana ya mabasi yaendayo haraka ilijengwa Jangwani, ndani ya bonde la Mto Msimbazi. Mafuriko yameivamia mara kadhaa, na kuihamisha sasa ni sehemu ya mradi wa kuliendeleza bonde hilo. Hapa hapakuwa na siri ya kugundua: kila mkazi wa Jangwani anajua maji ya masika hupita wapi.

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inataka tathmini ifanyike kabla mradi haujaanza. Kwa waendelezaji wengi, hiyo ni kabla katapila halijaingia. Wakati huo kiwanja kimeshanunuliwa na msanifu ameshalipwa, kwa hiyo mtaalamu wa mazingira anabaki na la kupendekeza mitaro na miche ya kupanda. Akifika Agosti, anakuta udongo mkavu uliopasuka na kuandika kwamba eneo halina tatizo. Mkondo wa maji na vyura wake angewaona Aprili.

Halmashauri zisipokee mchoro wa jengo kubwa, wala benki zisitoe mkopo wake, mpaka kiwanja kiwe kimechunguzwa masika na kiangazi, na wakazi wake wamesikilizwa.