Mtoto Anapowekewa Oksijeni kwa Mara ya Kwanza: Mambo ya Kujua kwa Mama na Mlezi

Katika vijiji vingi vya Kyela na mwambao wa Ziwa Nyasa, mama akiambiwa "mtoto anahitaji oksijeni" moyo hushtuka. Wengi wanaamini kwamba mtoto akishawekewa mipira puani, amefika mwisho. Wapo wanaokataa, na wapo wanaoitoa mipira usiku muuguzi akiwa mbali.

Imani hii inatokana na jambo moja. Wanaopewa oksijeni ni watoto waliozidiwa, na baadhi yao hufikishwa hospitali wakiwa wamechelewa sana. Mtoto anapofariki, watu hukumbuka mipira waliyoiona puani. Lakini kinachoua ni ugonjwa. Oksijeni humpa mtoto nguvu ya kuendelea kupumua wakati dawa inafanya kazi.

Kwa nini mtoto anahitaji oksijeni?

Hewa tunayovuta ina oksijeni kiasi cha asilimia 21. Mapafu mazima huichukua na kuipeleka kwenye damu. Mtoto mwenye nimonia mapafu yake yamejaa uchafu wa ugonjwa, hivyo oksijeni haipiti vizuri. Oksijeni hutumika pia kwa watoto njiti, watoto waliochelewa kulia baada ya kuzaliwa, na baadhi ya wenye malaria kali.

Dalili za kumkimbiza mtoto kituo cha afya

Mtoto akiwa ametulia, fungua nguo yake na uhesabu pumzi kwa dakika moja nzima. Anapumua haraka kuliko kawaida iwapo pumzi zake ni:

- 60 au zaidi, kama ana umri chini ya miezi 2
- 50 au zaidi, miezi 2 hadi 11
- 40 au zaidi, mwaka 1 hadi miaka 5

Usisubiri hata kidogo ukiona mojawapo ya dalili hizi:

- kifua kinabonyea kwa ndani anapovuta hewa
- matundu ya pua yanatanuka, au anaguna kila anapotoa pumzi
- ulimi au fizi zimekuwa na rangi ya bluu au kijivu
- hawezi kunyonya wala kunywa, au anatapika kila kitu
- amepata degedege, amelegea sana au haamki

Kukata kimeo hakutibu nimonia. Humwongezea mtoto hatari ya kutokwa na damu na kupata maambukizi, na hupoteza saa ambazo angekuwa ameshaanza dawa.

Kwa kawaida zahanati hazina oksijeni, lakini zinaweza kumpa mtoto dozi ya kwanza ya dawa na kuandika rufaa. Uliza mapema, kabla mtoto hajaugua, ni kituo gani cha karibu chenye oksijeni: Hospitali ya Wilaya mjini Kyela, Hospitali ya Kilutheri Matema, au kwingine. Kama unaishi mahali kama Ikombe, ambako watu hufika Matema kwa mtumbwi, ondoka mchana, ziwa likiwa limetulia. Njiani mbebe mtoto kichwa kikiwa juu, mfunike apate joto lakini uso ubaki wazi, na uendelee kumnyonyesha kama anaweza.

Nini kitafanyika ukifika?

*Kupima.* Muuguzi atabana kifaa kidogo kwenye kidole cha mkono au cha mguu cha mtoto. Kifaa hiki kina taa na hakiumizi. Kinaonyesha kiwango cha oksijeni kwenye damu. Kikiwa chini ya asilimia 90, kwa kawaida mtoto hupewa oksijeni. Hina, rangi ya kucha, vidole vya baridi na mtoto kurusharusha mkono vinaweza kuharibu kipimo, kwa hiyo msaidie atulie.

*Kuweka mipira.* Ni mrija laini wenye ncha mbili fupi zinazokaa mwanzoni mwa matundu ya pua. Hubandikwa mashavuni kwa plasta. Mtoto anaweza kulia na kuvuta mrija dakika za mwanzo. Mpakate, mshike mikono taratibu, mwimbie. Wengi hutulia wanapoanza kupumua kwa nafuu.

*Chanzo cha oksijeni.* Inaweza kutoka kwenye mtungi, au kwenye mashine inayovuta hewa ya chumbani, kuondoa naitrojeni na kubakiza oksijeni. Mashine huunguruma muda wote, hiyo ni kawaida. Ikipiga kengele, au umeme ukikatika, mwite muuguzi mara moja.

*Dawa.* Oksijeni peke yake haiui vijidudu. Mtoto atapewa pia antibayotiki, dawa ya malaria au tiba nyingine kulingana na ugonjwa.

Kazi yako kando ya kitanda

- Angalia kama ncha mbili za mrija bado ziko puani, hasa mtoto anapojigeuza. Makamasi yakiziba, mwambie muuguzi.
- Usifungue wala kufunga kitufe cha kipimo. Oksijeni ndogo haitoshi. Ikizidi inaweza kuharibu macho ya mtoto njiti.
- Usitoe mipira ili kumnyonyesha, kwani anaweza kunyonya akiwa nayo. Kama anahema sana, muulize muuguzi kwanza. Huenda akalishwa kwa mpira wa tumboni mpaka apate nafuu.
- Usimpake mafuta ya mgando wala mafuta mengine usoni. Usiwashe sigara, mshumaa, kibatari wala jiko karibu. Oksijeni hufanya moto mdogo uwake kwa kasi kubwa.
- Akizidi kuhema, akibadilika rangi au akilegea, ita msaada hapohapo. Huhitaji kuona haya kumwamsha muuguzi.

Atakaa nayo muda gani?

Wengine siku moja, wengine siku kadhaa. Mtoto akianza kupata nafuu, mhudumu ataondoa oksijeni kwa muda na kupima tena. Kiwango kikibaki asilimia 90 au zaidi na mtoto akapumua vizuri, haitarudishwa. Kikishuka, atarudishiwa na kujaribiwa tena baadaye. Kurudishiwa hakumaanishi kwamba tiba imeshindwa. Mtoto hazoei oksijeni kiasi cha kushindwa kuishi bila hiyo.

Ndugu wakikataa

Mara nyingi uamuzi hauko kwa mama peke yake. Bibi, mama mkwe au baba wa mtoto anaweza kusema, "Mtoeni, turudi nyumbani." Mwombe daktari au muuguzi azungumze nao na awaonyeshe namba kwenye kifaa, kabla na baada ya oksijeni. Kama hofu ni gharama, uliza kuhusu msamaha wa watoto wa chini ya miaka mitano na umwone afisa ustawi wa jamii wa hospitali kabla ya kuamua kuondoka.

Ukirudi nyumbani

Maliza dawa zote hata kama mtoto anacheza. Mrudishe siku uliyopangiwa, au mapema zaidi akianza tena kuhema. Usimbebe mgongoni unapopika kwa kuni kwenye jiko lenye moshi. Hakikisha amepata chanjo ya nimonia na ya pentavalenti katika wiki ya 6, 10 na 14, na chanjo ya surua akifikisha miezi 9 na miezi 18.

Kumbuka: mtoto akiambiwa anahitaji oksijeni, kubali mapema, na iache mipira puani mpaka mhudumu aseme inatosha.