Kuaga Si Kutoroka

Anayeacha kazi kwa mwajiri mwema husutwa na methali moja: fadhila ya punda ni mateke. Huku kwetu bonde la Kilombero, methali hiyo imewasuta wengi.

Zamani kazi za mshahara Ifakara zilikuwa za kuhesabu. Palikuwa na misheni ya Wakapuchini wa Uswisi na hospitali ya Mtakatifu Fransisko. Na tangu miaka ya 1950 palikuwa na maabara aliyoianzisha Profesa Rudolf Geigy wa Basel. Mtu aliweza kuingia hajui kushika bisibisi, akatoka fundi. Kisha miaka ya 1960 kikaja kiwanda cha sukari Kidatu, na kati ya 1970 na 1975 ikajengwa reli ya TAZARA, kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, ikapita hapa hapa Ifakara. Mwenye ufundi na watoto wa kulisha angefanyaje?

Tuseme kweli: deni lipo. Lakini ufundi haukutolewa ili ufungiwe ghalani. Deni hilo hulipwa kwa kuaga mapema, kukabidhi funguo na vifaa, na kumwelekeza anayebaki. Anayetoroka usiku ndiye punda.

Pale Kivukoni pantoni ilivusha watu miaka mingi. Mwaka 2018 likafunguliwa Daraja la Magufuli, lenye urefu wa mita 384. Waliopita juu yake hawakumkosea nahodha. Walikuwa wakienda kule kule alikokuwa akiwapeleka.