Kipawa cha Kijana na Shauri la Mwalimu

Hapa kwetu Singida mtu atakaye asali hutazama kwanza nyuki wapendako kwenda, ndipo autundike mzinga wake. Lakini tuwapelekapo vijana wetu chuoni, twaisahau busara hiyo. Twauliza ni kazi gani yenye mshahara, na ni somo gani lililomshinda kijana. Hatuulizi amejaliwa kipawa gani.

Sisi wenyewe tumekosa katika jambo hili. Tulimshauri kijana mmoja wa kijijini akasomee uhasibu, ingawa tangu utoto wake watu walimletea baiskeli na redio zilizoharibika, naye akazitengeneza. Alikaa chuoni mwaka mmoja, akarudi amevunjika moyo, na ng'ombe wa baba yake waliouzwa kwa ajili ya karo hawakurudi. Kwa hiyo twaona yafaa kukumbuka habari za kijana mwingine, aliyepata washauri wenye macho.

Yasimuliwa kwamba huko Uzanaki mtemi mmoja jirani alimwona mtoto Kambarage akicheza bao, akastaajabia akili yake, akamshauri baba yake, Mtemi Burito Nyerere, ampeleke shuleni. Basi mwaka 1934 mtoto yule akaingia shule ya Mwisenge, Musoma. Mwaka 1937 akaenda Tabora, kwa jirani zetu. Na tangu 1943 hata 1945 akasoma ualimu Makerere. Huko Makerere aliandika insha juu ya hali ya wanawake wa Kizanaki, akitumia mawazo ya John Stuart Mill. Kipawa chake cha kufikiri na kutunga maneno kilikuwa kimeanza kuonekana.

Kisha alifundisha katika shule ya Mtakatifu Maria, Tabora, na biolojia ilikuwa moja ya masomo yake. Padre Richard Walsh, mkuu wa shule ile, alimhimiza aende mbele zaidi. Mwaka 1949 Julius Nyerere akafika Edinburgh. Alianza kwa masomo mafupi ya kemia na fizikia. Lakini mwezi wa Oktoba akaingia katika masomo ya sanaa, akajifunza historia, uchumi na falsafa, akahitimu mwaka 1952. Matunda yake twayajua. Mtu yule aliiongoza nchi hata uhuru wa 1961, na katikati ya kazi za serikali akatafsiri kwa Kiswahili tamthilia za Shakespeare, Julius Caesar mwaka 1963 na Mabepari wa Venisi mwaka 1969.

Hatusemi kwamba mtemi yule au padre yule walikuwa na elimu maalumu ya kushauri. Lakini walichofanya kwa busara, wataalamu wamekifanya kuwa elimu. Huko Marekani mwaka 2005 Laurie Schreiner na Edward Anderson waliandika kwamba mshauri wa wanafunzi wa chuo asianze na upungufu wa kijana, bali na vipawa vyake. Amsaidie kuvitambua na kuvitaja. Amwulize atamani kuwa nani. Wapange pamoja masomo. Tena amfundishe kutumia vipawa hivyo kushindana na lile lililo gumu kwake.

Labda mtu atasema, "Je, huku si kuwadekeza vijana? Mgema akisifiwa, tembo hulitia maji." Neno hilo ni kweli, lakini kutambua kipawa si kusifu. Sifa humwambia kijana, "Umekwisha kufika." Kipawa kikitajwa vema humwambia, "Hiki umepewa. Sasa kifanyie kazi." Kipawa kisichofanyiwa kazi ni shamba zuri lisilolimwa.

Basi wazazi wenzetu, kabla hamjauza ng'ombe, mketi na mtoto jioni moja. Mwulizeni ni kazi gani aifanyapo husahau njaa, na watu humwendea kutaka msaada gani. Nasi walimu tuandike majibu hayo kando ya alama zake za mtihani, tuyapime yote pamoja. Kijana wetu yule wa baiskeli sasa anajifunza ufundi wa mitambo. Amechelewa, lakini hakupotea. Kuchelewa kwake ni deni letu, si lake.