Askari Machoni pa Wafaransa

Neno la Kifaransa soldat, maana yake askari, asili yake ni neno la Kiitaliano soldo, nalo ni jina la sarafu. Asili hiyo yaonyesha jinsi Wafaransa wa zamani walivyomfahamu askari: mtu aliyeuza nguvu zake kwa mfalme ili apate ujira. Tena aliogopwa, kwa kuwa raia walilazimishwa kuwalaza askari majumbani mwao. Tangu mwaka 1681 serikali ya Louis XIV iliitumia desturi hiyo kuwatesa Waprotestanti: askari walitiwa nyumbani mwao, wakala na kuharibu, mpaka wenyeji waikane dini yao.

Mapinduzi ya 1789 yaligeuza mambo. Askari alisifiwa kuwa ni raia mwenye silaha, na amri ya tarehe 23 Agosti 1793 iliwaita watu wote vitani: vijana wapigane, waliooa wafue silaha, wanawake washone mahema, wazee wawatie watu moyo. Walakini sifa za mdomoni si lazima ziwe za moyoni. Katika enzi ya Napoléon vijana wengi walikimbilia misituni, na wengine waling'oa meno yao ili wasiweze kufungua risasi za karatasi za siku zile. Hata sheria ya 1818 ilipothibitisha uandikishaji kwa kura, mwenye mali aliyeangukiwa na kura aliruhusiwa kumlipa mwingine aende badala yake. Hivyo jeshi likabaki mzigo wa maskini.

Baada ya kushindwa na Wajerumani mwaka 1870, Wafaransa waliifuta ruhusa hiyo mwaka 1872. Na sheria ya 1905 ikamtaka kila kijana atumike miaka miwili, tajiri kwa maskini. Tangu hapo askari alikuwa mtoto wa kila nyumba. Lakini jeshi hilo hilo lilitumwa kuzima migomo. Mjini Fourmies, tarehe 1 Mei 1891, askari waliwapiga risasi wafanya kazi, wakafa watu tisa. Mwaka 1907, wakulima wa mizabibu wa kusini walipoinuka, askari wa kikosi cha 17, ambao wengi wao walikuwa wana wa wakulima wale wale, waliasi. Damu nzito kuliko maji.

Heshima kuu ilikuja na vita vya 1914 hata 1918, vilivyoua Wafaransa wapatao milioni 1.4. Tarehe 11 Novemba 1920 maiti ya askari asiyejulikana iliwekwa katika Arc de Triomphe, lango ambalo Napoléon aliamuru lijengwe kwa sifa ya majeshi yake. Mahali pa majemadari palipewa mtu asiye na jina wala cheo, na kila mama aliyepotelewa na mwanawe aliweza kudhani kwamba huyo ndiye wake.

Kama kuwa mtoto wa kila nyumba kungetosha, vijana zaidi ya milioni moja walioandikishwa na kupelekwa Algeria kati ya 1954 na 1962 wangalipokewa vivyo hivyo. Sivyo ilivyokuwa. Walirudi wakakuta kimya, na habari za mateso waliyotendewa Waaljeria ziliwatia doa hata wasiohusika. Serikali haikukubali kuviita vita. Iliviita shughuli za kulinda amani ya ndani. Hata sheria ya tarehe 18 Oktoba 1999 ndipo neno vita lilipokubaliwa.

Sheria ya 1997 ilisimamisha uandikishaji wa lazima, na askari akawa tena mtu wa mshahara. Ajabu ni kwamba hakurudia dharau ya kale. Jeshi limekuwa miongoni mwa vyombo vya dola vinavyoaminiwa sana na Wafaransa, na tangu mashambulio ya 2015 askari wameonekana wakilinda njia na vituo vya miji. Basi ujira haukuwa kiini cha jambo, wala undugu peke yake. Wafaransa walimheshimu askari kila walipoiona kazi yake kuwa yao; na walipoikana kazi hiyo, walimkana naye, hata akiwa mwana wao wa kumzaa.